Kampuni yetu inahamia mtandaoni: tuanze wapi?

*"Mimi ni meneja wa kampuni ya familia inayouza vipuri vya mashine: beringi, mikanda, sili na pampu za maji, jumla na rejareja. Tuko watu 23, bidhaa zetu ni kama 1,400, na wateja wengi ni mafundi na viwanda vidogo tunaofahamiana nao miaka mingi. Bodi imeamua kwamba ndani ya miezi sita biashara yote iwe mtandaoni na kaunta ifungwe. Kuna kampuni ya programu imetuletea mkataba wa kutujengea mfumo mzima kuanzia sifuri, na wanataka nusu ya pesa mbele. Mdogo wangu anasema tusijenge chochote, tujiunge tu na soko kubwa la mtandaoni ambako wanunuzi wapo tayari. Mauzo yetu mengi ni ya mkopo na kila mteja ana bei yake. Wauzaji wamenuna, na mtunza stoo wetu, mzee aliyekaa nasi miaka 19, ameniuliza kama atafukuzwa. Sikuwa na jibu. Tuanze wapi, tuchague njia ipi, na nimwambie nini mzee huyu?"*

Ndugu msomaji, ahsante kwa kueleza mambo kwa kirefu. Umeuliza maswali matatu, lakini nikiyasoma pamoja naona hofu moja: mnaweza kuivunja biashara inayotembea kwa ajili ya nyingine ambayo bado haijazaliwa. Hofu hiyo ina msingi, usiruhusu mtu yeyote akwambie ni woga wa teknolojia. Nitayajibu yote matatu, ila nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu majibu mengine yote yanalitegemea. Jambo hilo ni stoo yenu.

Bodi, mdogo wako na watu wa programu wote wanazungumzia tovuti. Mteja anapobonyeza kitufe cha kununua anaamini mambo manne kwa mpigo: kwamba kitu kipo, kwamba ndicho anachokihitaji, kwamba bei ni hiyo, na kwamba kitamfikia siku iliyotajwa. Kaunta yenu imekuwa ikiyajibu hayo manne kwa mdomo. Fundi anaingia na beringi iliyokufa mkononi, muuzaji anaigeuza, anasoma namba, anapaza sauti kuelekea stoo, mzee anajibu "zipo mbili", wanapatana bei, mzigo unatoka. Pengine hakuna aliyeandika chochote mpaka jioni. Na utaratibu huo unafanya kazi, tena vizuri, kwa sababu ukweli umo vichwani mwa watu waliosimama hatua kumi kutoka kwenye rafu. Kwenda mtandaoni ni kuutoa ukweli huo vichwani na kuuweka mahali ambapo mtu asiyewajua anaweza kuusoma saa sita usiku, akautegemea, na akatoa pesa yake.

Chukua pampu ya aina moja. Kwenye rafu zimebaki mbili, na tovuti inasema 2. Saa 4:10 asubuhi fundi mnayemjua anachukua zote mbili kwa mkopo. Muuzaji anaandika kwenye daftari lake. Karatasi itamfikia mhasibu jioni. Saa 4:40 kiwanda kilicho mbali kinaona ile 2, kinaagiza moja na kulipa papo hapo. Pesa imeingia, pampu haipo. Mtakuja kugundua saa 9 mchana, mtu wa kufunga mizigo atakapozunguka rafu mara tatu akitafuta kitu kilichokwishaondoka. Sasa mna simu ya kuomba radhi, pesa ya kurudisha (na kwa watoa huduma wengi wa malipo, makato yao hayarudi), na mteja ambaye mashine yake imesimama. Ukitafuta aliyekosea humwoni. Muuzaji alifanya kama alivyofanya siku zote, na tovuti ilionesha ilichoambiwa. Kosa ni kwamba kampuni ilikuwa na madaftari mawili ya stoo yasiyozungumza.

Dawa yake ni kuacha kufikiria hesabu ya stoo kama namba moja. Ni namba tatu. Kuna iliyopo, yaani unayoweza kuigusa kwenye rafu. Kuna iliyoshikiliwa, yaani imeshaahidiwa mteja lakini haijatoka. Na kuna inayouzika, ambayo ni ya kwanza ukiondoa ya pili. Tovuti inapaswa kuonesha hiyo ya tatu peke yake, na kila mauzo, yawe ya kaunta, ya simu au ya mtandaoni, yaiguse namba hiyo dakika ile ile, wala siyo jioni. Maana yake ni kwamba hatua yenu ya kwanza ya kwenda mtandaoni inafanyika kwenye kaunta: muuzaji anaacha daftari lake binafsi na kuingiza mauzo kwenye mfumo kabla mzigo haujavuka mlango. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lazima liwe moja kwa wote. Kwa miezi ya mwanzo acheni na akiba kidogo ya usalama: kama rafu ina 8, onesheni 6.

Makampuni makubwa kuliko yenu yameumia hapa hapa. Mwaka 1999 Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliwasha mfumo wake mpya wa kompyuta mwezi Julai, muda mfupi kabla ya msimu wake mkubwa wa mauzo wa Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambapo watoto hugawiwa peremende. Oda za takriban dola milioni 100 zilishindwa kutimizwa kwa wakati, huku bidhaa zenyewe zikiwa zimekaa maghalani. Hawakukosa mali, wala hawakukosa wateja. Nakutajia mkasa huu pia kwa sababu ya tarehe. Muda wowote bodi itakaoutaka, msiwashe mfumo mpya katika msimu wa mauzo mengi wala wakati wa kufunga hesabu za mwaka.

Utajuaje kama stoo iko tayari? Fanya jaribio ambalo halina gharama. Chagua bidhaa 50 bila kuzipanga, changanya zinazotoka sana na zinazolala, kisha nendeni wawili mkazihesabu kwenye rafu na kulinganisha na kitabu. Bidhaa zaidi ya mbili kati ya hizo 50 zikitofautiana na kitabu, bado hamjawa tayari kumwonesha mgeni namba zenu. Kampuni nyingi nilizozihudumia zilifeli jaribio hili mara ya kwanza, kwa hiyo usivunjike moyo. Rudieni kila wiki mbili na mtafute chanzo cha kila tofauti: vipuri vilivyorudishwa havikuandikwa, boksi liliwekwa rafu ya jirani, mtu alichukua sili moja "ya kujaribu".

Baada ya idadi kuna majina, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Beringi ya namba 6204 inajulikana dunia nzima: tundu milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47, upana milimita 14. Lakini nyuma ya namba kuna herufi. ZZ ina vikinga vya chuma pande zote mbili. 2RS ina sili za mpira pande zote mbili. C3 ina uwazi wa ndani mkubwa kuliko wa kawaida. Kwenye kaunta muuzaji wenu anauliza "inakaa kwenye maji?" na mkono wake unaifuata 2RS bila kufikiri. Tovuti haiulizi. Nina hakika ukifungua vitabu vyenu sasa hivi utaikuta beringi hiyo hiyo imeandikwa "6204" sehemu moja, "beringi 20x47" sehemu nyingine, na "beringi ndogo ya pampu" kwa mwandiko wa mtu wa tatu. Mkiyapandisha hayo mtandaoni yalivyo, mtapeleka sana vitu visivyo sahihi, na mzigo unaorudi unakula faida ya mizigo kadhaa iliyokwenda salama.

Kila bidhaa inahitaji namba yake moja ya stoo, jina lililoandikwa kwa mtindo mmoja, vipimo, picha iliyopigwa pembeni ya rula, uzito ukiwa umefungwa (usafirishaji hulipwa kwa uzito na ukubwa), na maelezo ya mashine inakotumika. Tuseme kila moja inachukua dakika 20. Kwa bidhaa 1,400 ni dakika 28,000, yaani saa 467 hivi, karibu siku 58 za kazi za mtu mmoja anayefanya saa nane bila kuguswa na kazi nyingine. Angalia mkataba mlioletewa: je, kazi hii imo? Mara nyingi imeandikwa kwa sentensi moja, "mteja atatoa taarifa za bidhaa". Sentensi hiyo ndiyo miezi yenu miwili na zaidi.

Ndiyo maana siamini miezi sita kwa bidhaa zote, na wala sioni sababu ya kuzihamisha zote. Tazama mauzo ya mwaka uliopita. Kuna vitu pengine 60 au 80 vinavyobeba sehemu kubwa ya biashara, tena vinavyoagizwa na watu wanaojua tayari wanachotaka. Anzeni na hivyo. Vile ambavyo mteja hawezi kuchagua bila kuzungumza na mtu, kama pampu ya kupimiwa kina cha kisima, vibaki na namba ya simu pembeni yake hata baada ya miaka mitano. Simu ya mtu anayejua ni sehemu ya bidhaa yenu.

Sasa njia ya kuchagua. Unazo tatu, ingawa umetajiwa mbili.

Ya mdogo wako, soko kubwa la mtandaoni, ina ukweli ndani yake: wanunuzi wapo kweli, na mnaweza kuanza ndani ya wiki. Lakini tazama linavyofanya kazi. Soko linawapanga wauzaji wa kitu kimoja bega kwa bega, na mnunuzi asiyewajua hana cha kuwatofautisha nacho isipokuwa bei na nyota walizompa wanunuzi waliotangulia. Beringi bandia ni tatizo linalojulikana duniani kote, na kwenye picha zinafanana na halisi. Sifa yenu ya miaka yote ya kuuza vitu halisi haionekani pale. Halafu kuna ada. Ikiwa faida yenu ni 18 katika kila 100 ya mauzo na soko linachukua 12, mnabaki na 6 kabla ya boksi, gundi na mshahara wa mfungaji. Zaidi ya hapo, mnunuzi ni mteja wa soko. Kwa kawaida hamruhusiwi kumchukua mkamhudumia pembeni. Kwa biashara inayoishi kwa wateja wanaorudi, hilo ni zito. Mimi ningelitumia soko kwa kitu kimoja: kuuza mali iliyolala, ile ambayo mafundi wenu hawaigusi lakini kuna mtu mbali anaitafuta.

Njia ya mkataba, kujengewa kuanzia sifuri, siyo mbaya kwa kila kampuni. Ni mbaya kwenu kwa sasa, kwa sababu mnaagiza nguo kabla ya kupima mwili. Hamjui bado wateja watatafutaje bidhaa, watalipaje, watarudisha nini. Kila kitu mtakachojifunza baada ya kusaini kitakuja kama ankara ya marekebisho. Na nusu ya pesa mbele inahamishia hatari yote upande wenu.

Njia ya tatu ni kukodi duka lililokwisha tengenezwa. Zipo huduma kama Shopify, ambako mnalipa kwa mwezi na wao wanashughulikia seva, yaani kompyuta inayoiweka tovuti hewani, na zipo programu kama WooCommerce mnazoweka kwenye seva mliyokodi wenyewe, zenye uhuru zaidi na matunzo zaidi. Hizi hazitafanya kila mnachotaka. Zitafanya karibu yote mnayoyahitaji mwaka wa kwanza, na makosa yenu ndani yake yatakuwa ya bei nafuu. Ushauri wangu kwenu ni huu wa tatu, muanze nao mdogo, na swali la kujenga chenu mlifungue tena baada ya mwaka mkiwa na orodha ya mambo halisi yaliyowashinda.

Kikwazo cha kweli kwenye njia hii ni bei zenu. Kila mteja ana yake, na siku mtakapoweka bei moja hadharani, mteja wenu mkubwa ataona kama analipa zaidi ya mgeni, na mdogo ataona mkubwa anapendelewa. Nimeona uhusiano wa miaka mingi ukitetereka kwa ukurasa mmoja wa bei. Fanyeni hivi: bei ya rejareja iwe wazi kwa kila mtu, na iwe kweli ndiyo ya juu kuliko zote. Wateja wa jumla wapewe akaunti za kuingia kwa nywila, na humo kila mmoja awe kwenye kundi la bei. Hamtaweza kuwa na makundi 200. Mtalazimika kuyapunguza hadi manne au matano, na katika kuyapunguza mtagundua kuna bei nyingine zilizowekwa zamani kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka. Zungumzeni na wateja hao ana kwa ana kabla hawajaona lolote kwenye skrini.

Na mkopo? Mkopo unaweza kukaa mtandaoni. Mteja wa mali kauli anaagiza kwenye akaunti yake, mfumo unaangalia deni lake na kikomo chake, oda inapita au inasimama kusubiri mtu aamue. Kinachobadilika ni kwamba kikomo lazima kiandikwe. Leo kikomo cha fundi fulani kimo moyoni mwa muuzaji anayemjua. Kompyuta haina moyo huo, na mkiacha wazi itamkopesha mtu mpaka stoo iishe.

Kwa wanaolipa papo hapo, kuna mambo machache ambayo sitaki myajifunze kwa hasara. Msihifadhi namba za kadi za wateja kwenye kompyuta zenu, hata kwenye karatasi. Tumieni mtoa huduma wa malipo ambaye mteja anaandikia namba zake kwake moja kwa moja. Kanuni za usalama wa kadi za PCI DSS, zilizotolewa kwanza mwaka 2004, zinakataza kabisa kutunza ile namba fupi ya siri ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa. Pia fahamuni kwamba malipo ya kadi yaliyopokelewa yanaweza kupingwa na mwenye kadi. Kwa migogoro mingi, kanuni za Visa na Mastercard zinampa hadi siku 120. Ndiyo maana picha ya mzigo ukifungwa na sahihi ya aliyeupokea ni vitu vya kutunza. Kwa malipo ya benki au ya simu, picha ya skrini aliyotuma mteja haihesabiki kuwa malipo. Mtu wa ghala afunge mzigo pale tu mhasibu anapoiona pesa kwenye akaunti. Uandikeni utaratibu huo na kuubandika ukutani, kwa sababu siku ya pilikapilika atatokea mteja mwenye haraka na picha inayopendeza.

Hatari nyingine inapita kwenye barua pepe. Mwizi anaingia kwenye sanduku la barua la mmoja wenu, anasoma kimya kimya kwa wiki kadhaa, kisha anamwandikia mteja kwa lugha yenu ile ile kwamba akaunti ya benki imebadilika. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na namba ya muda inayokuja kwenye simu) kwenye kila barua pepe ya kampuni, na wajulisheni wateja mapema kwamba hamtabadilisha akaunti kwa barua. Akipokea barua kama hiyo apige simu kwenye namba aliyokuwa nayo zamani, asitumie iliyo ndani ya barua.

Nirudi kwenye namna ya kuanza. Mwaka 1999 Nick Swinmurn, aliyeanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Zappos, hakuanza na ghala. Alikwenda kwenye maduka ya viatu, akapiga picha, akaziweka mtandaoni, na mteja akinunua, kiatu kilinunuliwa dukani kwa bei ya kawaida kisha kikatumwa. Hapakuwa na faida kwenye viatu hivyo. Alichopata ni jibu la swali moja: je, watu watanunua kiatu wasichokijaribu mguuni? Miaka kumi baadaye Amazon iliinunua kampuni hiyo. Katika mwaka ule ule wa 1999, Webvan, iliyokuwa ikipeleka bidhaa za nyumbani, ilisaini mkataba wa dola bilioni 1 na kampuni ya ujenzi ya Bechtel wa kujenga maghala katika miji mingi, kabla haijajua kama mji wa kwanza unalipa. Ilifilisika Julai 2001.

Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza itumieni kwa stoo na majina tu. Mwezi wa tatu chagueni wateja kumi, wale wanaosema ukweli hata ukiuma, na muwaombe waagize bila kuja: kwa fomu rahisi au ujumbe wa simu. Kila oda ishughulikiwe kwa mkono, na mtu mmoja aifuate kuanzia inapoingia mpaka mteja anaposema imefika, akiandika saa ya kila hatua. Oda 30 za namna hiyo zitawafundisha zaidi ya semina yoyote. Mtaona mahali mzigo unapokaa saa tano bila sababu. Mtaona boksi gani linapasuka, swali gani mteja anauliza kila mara, nani hayupo wakati sahihi yake inahitajika. Rekebisheni hayo kwanza. Mfumo wa kompyuta unauendesha utaratibu uliopo kwa kasi kubwa zaidi, pamoja na ubovu wake.

Duka la kukodi lifunguliwe mwezi wa nne au wa tano, kwa hizo bidhaa 60 au 80, kwa wateja mnaowafahamu kabla ya wageni. Na kaunta? Hapa napingana waziwazi na bodi yenu. Msiifunge kwa tarehe. Mnaweza hata kuipa kazi mpya: mteja aagize mtandaoni usiku, asubuhi akute mzigo umefungwa na jina lake juu, achukue na kuondoka. Mafundi wengi watalipenda hilo kuliko kuletewa, maana mashine ikisimama hakuna anayesubiri gari la mizigo. Idadi ya watu kaunta ikipungua yenyewe, mtaiona kwenye hesabu, na uamuzi utakuwa rahisi.

Jambo dogo kwa sura, ambalo limenikosesha raha mara nyingi: jina la kikoa cha tovuti yenu, yaani anwani ambayo mteja anaiandika ili kuifikia, lisajiliwe kwa jina la kampuni, na barua pepe ya kampuni. Nilihudumia kampuni moja ambayo kijana wao wa kompyuta alisajili kikoa kwa barua yake binafsi, kwa nia njema tu. Akahama kazi. Taarifa za kulipia upya zikawa zinaangukia kwenye sanduku asilolifungua tena. Asubuhi moja tovuti haikuwepo, na barua pepe zote za kampuni zilikufa nayo, kwa sababu zilitumia jina hilo hilo. Ilichukua siku tisa kumpata kijana. Fungua leo uangalie lenu limeandikwa kwa nani.

Kuhusu wauzaji, msiwahubirie. Kaa na mmoja wao na umuulize kamisheni yake inahesabiwaje. Ikiwa analipwa kwa oda anazoandika yeye, basi kila mteja wake anayeagiza mtandaoni anamkata mshahara, na hakuna hotuba itakayomfanya alipende jambo hilo. Atawaambia wateja kimya kimya kwamba tovuti haifanyi kazi vizuri. Kwa mwaka wa kwanza, mlipeni kamisheni ile ile kwa oda za wateja wake hata zikiingia mtandaoni, na mumwongezee kidogo kwa kila mteja aliyemfundisha kuagiza mwenyewe. Ni gharama, ndiyo. Ni ndogo kuliko kuwa na watu sita wanaoipinga kampuni kutoka ndani.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi, na ni vema ukae na mtu uso kwa uso. Mkataba wa programu usomwe na mwanasheria kabla ya kusainiwa, hata kama mtachagua kazi ndogo zaidi: aangalie nani anamiliki programu na taarifa za wateja, mtazitoaje mkitaka kuhama, na malipo yafuate hatua mnazoweza kuzijaribu kwa mikono yenu. Mhasibu aangalie kodi ya mauzo kwa wateja walio nje ya eneo lenu, na mkopo utakavyoingia vitabuni. Sheria za kulinda taarifa binafsi na haki ya mnunuzi wa mbali kurudisha bidhaa zinatofautiana nchi na nchi. Kwa mfano, Umoja wa Ulaya unampa mlaji siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Mkiuza nje ya mipaka, mwanasheria awaeleze za huko. Na ikiwa mna mfumo wa uhasibu wa zamani ambao taarifa zake lazima zihamishwe, mwite mtaalamu wa kazi hiyo aone kompyuta zenyewe, na nakala kamili itengenezwe na kujaribiwa kurejeshwa kabla hajagusa kitu.

Namalizia na mzee wa stoo. Mwambie ukweli: kazi yake inabadilika, na kwa miezi sita ijayo hakuna mtu anayehitajika zaidi yake. Yeye ndiye anayejua kwamba "beringi ndogo ya pampu" ni 6204 yenye sili, na kwamba boksi la tatu rafu ya juu lina mikanda iliyokosewa lebo. Mpe kijana anayejua kuchapa, uwakalishe wawili hao kwenye meza moja stoo, mzee aseme na kijana aandike, rafu kwa rafu. Jina lake liwekwe kwenye kazi hiyo kama msimamizi, na kijana awe chini yake. Kisha mpe neno la mwisho: bidhaa yoyote isipandishwe mtandaoni mpaka yeye aseme maelezo yake ni sahihi. Kama bodi ina mpango wa kumstaafisha baadaye, asikie kutoka kwako, mapema, pamoja na stahili zake. Lakini Jumatatu hii, kabla ya kujibu watu wa programu, mpelekee orodha ya zile bidhaa 50 na muhesabu pamoja.